Kichaka cha Zogoyogo Kule Mtoni

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua ilianza kunyesha muda mfupi baada ya mimi na baba kupanda kutoka mtoni, na bado inapiga mabati, ile mvua ya taratibu ambayo wakulima huipenda. Nimeketi jikoni karibu na meko, sweta langu likikauka mgongoni. Nimeishika simu kwa mkono mmoja na mahindi ya kuchoma kwa mkono wa pili. Kuandika kwa kidole gumba si rahisi, lakini nikingoja hadi kesho nitaanza kujiuliza kama ilitokea kweli.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi ndiye yule msichana ambaye akiulizwa swali darasani alisimama, akatazama dirisha, kisha akaketi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa nangoja kwenda chuo. Kinachoniogopesha kuhusu chuo si masomo. Ni ile siku ya kwanza ya kujitambulisha. "Jina langu ni Wawira, natoka Embu." Nimelifanyia mazoezi mbele ya ng'ombe wetu, na hata mbele yake sauti hunikwama.

Sasa fikiria kwamba jana nilipaza sauti mbele ya majirani wote, nikamwamrisha baba yangu.

Lakini lazima nianze na ndege.

Shamba letu linateremka. Nyumba iko juu, chini yake kahawa, halafu migomba, halafu mto. Kati ya migomba na mto kuna kichaka cha lantana, kizito kiasi kwamba mbuzi akiingia hutoka kwa kurudi nyuma. Humo ndani wanaishi zogoyogo. Ukiwaona mara ya kwanza hutavutiwa. Ni ndege wa kahawia, wadogo kidogo kuliko njiwa, wenye macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi. Manyoya yao yana mabaka meupe yaliyokaa ovyo, kana kwamba walipita chini ya mtu anayepaka ukuta chokaa. Hakuna wawili wanaofanana. Na kelele zao! Cucu wangu, yaani mama yake baba, husema wanagombana kama wake wa ndugu walioolewa boma moja. Cucu hawapendi. Anasema wao humwamsha wakati usingizi wake ndio umekolea.

Mimi pia sikuwajali. Walikuwepo tu, kama mawe ya mtoni.

Halafu likizo ya mwezi wa nane mwaka jana alikuja Dada Karimi. Dada Karimi ni mtafiti wa ndege, mzaliwa wa Maua kule Meru. Alibisha hodi akiwa na darubini shingoni na matope hadi magotini, akaomba ruhusa ya kushuka mtoni. Baba aliniambia nimsindikize, nadhani ili nihakikishe haibi ndizi. Tulikaa chini ya migomba bila kusema neno. Zogoyogo walipotoka kichakani mmoja mmoja, wakiruka chini na kupekua majani makavu, aliushika mkono wangu akaubana hadi ukauma.

Ndipo akaniambia. Ndege hawa wanaishi upande huu wetu tu wa Kenya, kwenye mabonde yaliyo chini ya mlima na sehemu fulani za Ukambani. Kwingine hakuna.

"Kwingine Kenya?" nikauliza.

"Kwingine duniani," akasema.

Nilicheka. Nilidhani ananitania. Mambo ya kupatikana pahali pamoja tu duniani huwa hayapatikani nyuma ya migomba yetu.

Alinieleza kwamba zamani waliishi kwenye vichaka vya asili kando ya mito. Watu walivifyeka wapate mashamba, kizazi baada ya kizazi, bila ubaya wowote moyoni. Ndege wakapungua. Waliobaki wakajificha kwenye lantana, ambayo si mmea wa huku hata kidogo, ni mgeni. Sasa watu wanaifyeka lantana pia, na ndege hawana mahali pengine pa kuhamia. Katika kichaka chetu aliona watatu tu. Watatu ni wachache sana, kwa sababu zogoyogo hulea pamoja. Makinda yakianguliwa, baba, mama, kaka, dada na mashangazi wote hubeba viwavi. Ukoo ukiwa mdogo, makinda hufa njaa.

Aliniomba niwatazame kwa niaba yake, niwe nikimtumia ujumbe wa kile ninachoona. Nilimwambia mimi si mtu wa kuongea. Akasema, "Ndiyo maana nakuomba wewe. Wengine siwezi kuwanyamazisha."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona kimya changu kikiwa na kazi.

Basi nimewatazama. Baada ya mtihani wa mwisho nilikuwa nikishuka karibu kila asubuhi. Nimewapa majina. Kuna Mwalimu, ambaye hupanda juu ya kichaka na kuangalia kama mwewe yupo, wengine wakila. Kuna Shati, mwenye baka jeupe kifuani kama shati lililochomolewa. Kuna Chokaa. Mvua ya mwisho wa mwaka iliwapa makinda wawili, nao walikua wakawa wakubwa, na nilipomtumia Dada Karimi ujumbe kwamba sasa ni watano, alinipigia simu akipiga kelele zaidi ya ndege wenyewe. Wiki iliyopita nikaona kiota. Kilikuwa katikati ya kichaka, kimo cha kifua changu, na ndani yake midomo mitatu iliyo wazi.

Siku hiyohiyo ndipo nilipojua kwamba kichaka kitafyekwa.

Si mtu mbaya aliyetaka kukifyeka. Hilo ndilo lililonitesa. Ni kikundi cha mto, majirani zetu wote wenye mashamba yanayogusa maji, na mwenyekiti wake ni Mama Kariuki, mama ambaye akiomba kanisani spika huzimwa kwa kuwa haihitajiki. Mwaka juzi walikata mikaratusi iliyokuwa ikikausha mto, na maji yakarudi. Kila mtu anajivunia, hata mimi. Sasa walikuwa wamepata miche ya miringa na mikuyu, miti ya kwetu, waipande ukingoni. Ili kuipanda lazima wasafishe ukingo. Na shamba la kwanza kuchaguliwa lilikuwa letu. Baba alifurahi sana. Alinunua hata panga jipya.

Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye klabu ya mazingira shuleni. Tuliing'oa lantana nyuma ya mabweni tukiimba kwamba ni adui. Ningewezaje kusimama mbele ya watu wanaopanda miti na kuwaambia waache?

Nilijaribu kumwambia baba Alhamisi. Alikuwa anavua gambuti mlangoni.

"Baba, kwenye kile kichaka kuna kiota."

"Ndege wana mabawa, mami. Watahama."

"Makinda hayana."

Akanitazama kwa upole, lakini alikuwa amechoka. "Mkutano umeshaamua. Niende kuwaambia wazee nimebadilisha nia sababu ya ndege wa kelele?"

Nilikuwa na jibu, likabaki kifuani, huko yanakobaki mengine.

Ijumaa nilimtumia Dada Karimi ujumbe. Alikuwa Ruiri, kule Meru, akitafuta ndege wengine. Nilimwomba aje. Alinitumia ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia upepo. Alisema: "Wawira, nikija mimi watanisikiza kwa heshima, watanipa chai, na nikiondoka watafyeka. Mimi ni mgeni huko. Hilo neno litasemwa na mtu wa hapo. Na kama huwezi, sitakulaumu. Lakini mimi nimezaliwa Maua. Kwetu watu hupatana bei wakiwa wanakimbia kando ya gari la miraa lililokwisha kuondoka. Usingoje utulie ndio uongee. Ongea tu."

Rahisi kwa mtu wa Maua.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu jina langu, la sivyo kilichotokea jana hakitaeleweka.

Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo Wawira ni Cucu, na Wawira ni mimi. Baba hajawahi kuniita kwa jina, kwa kuwa mtu haiti mama yake kwa jina. Huniita "mami". Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mchezo. Nikimkuta ameacha viatu vya matope sebuleni, nilikuwa nikisimama na mikono kiunoni namwambia, "Mwanangu, mbona unanitia aibu?" Naye, mtu mzima mwenye ndevu, aliinamisha kichwa: "Nisamehe, mami." Cucu alicheka hadi akafuta macho. Akasema, "Umemwambia vizuri, nilikuwa nimechoka kumwambia." Nilipoanza kukua na aibu kunishika, mchezo uliisha wenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho.

Jana asubuhi walikuja wengi. Wanaume na mapanga, wanawake na majembe, miche kwenye makreti ya soda. Mama Kariuki aliomba, tukaitikia amina, tukashuka. Mimi nilipewa kreti ya miche. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nitasema kabla ya maombi. Kisha nikajiahidi baada ya maombi. Kisha nikajikuta tayari nimefika kwenye migomba, mikono imejaa.

Walianza upande wa chini. Lantana ikaanza kuanguka, ile harufu yake kali ikajaa bondeni. Mwalimu alipiga kelele kutoka juu ya kichaka, wenzake wakajibu, na wote watano wakaruka hadi kwenye kahawa, wakawa wanatupigia makelele kutoka huko.

"Sikizeni hao!" Mama Kariuki akasema. "Ni kama wamama wa kikundi changu wakiambiwa walete mchango."

Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

Baba alikuwa mbele ya wote. Lilikuwa shamba lake, alitaka kuonekana anafanya kazi. Panga lile jipya lilipanda na kushuka, na kila liliposhuka alisogea hatua moja kuelekea mahali ninapopajua.

"Baba," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Sina hakika hata mimi nilijisikia.

"Baba!"

Wanaume watatu waligeuka, kwa kuwa wote ni baba wa mtu. Baba yangu hakugeuka. Alikuwa ameshika tawi kwa mkono wa kushoto, amelivuta kando, na nyuma ya tawi hilo nilikiona kiota. Mkono wa kulia ulikuwa tayari juu.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilitupa kreti chini, nikaweka mikono kiunoni, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa ile ya Cucu ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto, kwa Kiembu, ile ambayo hata mbwa huitii.

"Njeru! Mwanangu! Weka hilo panga chini!"

Mkono wa baba ulisimama hewani. Na kabla hajageuka, kabla hajajua ni nani, akajibu:

"Ndiyo, mami."

Akaliweka panga chini.

Wengine waligeuka kutazama juu ya shamba, wakimtafuta Cucu, ambaye hajashuka huko tangu goti lake lianze kumuuma. Kisha wakaniona mimi, mikono kiunoni, miche imemwagika miguuni. Na kicheko kikalipuka. Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Mzee Ireri, jirani yetu wa chini, ilibidi ashike mgomba.

"Ngai! Mimi nilijua ni mama mwenyewe!" akasema.

"Si ni mama mwenyewe?" Mama Kariuki akajibu, akipangusa macho kwa leso. "Huyu msichana nimemjua tangu akibebwa mgongoni, na leo ndio mara ya kwanza nasikia sauti yake. Kumbe alikuwa ameiweka akiba! Sasa Njeru, mama ameamrisha. Utabisha?"

"Nitabisha vipi?" baba akasema. Alikuwa amekuwa mwekundu masikioni. "Mami, basi sema unachotaka."

Na wakanitazama wote.

Nilitamani ardhi ifunguke. Lakini watu waliokwisha kucheka hawatishi kama watu waliokunja uso, hilo nilijifunza jana. Sikuweza kuhutubia. Nilienda tu mpaka pale, nikalivuta lile tawi polepole, nikasema, "Njooni muone."

Walikuja wawili wawili. Mama Kariuki aliinama, midomo mitatu ikafunguka mbele ya uso wake, akaruka nyuma. "Uui! Wananidai chakula!"

Na nilipokuwa nimeshika tawi hivyo, nikitazama makinda na si watu, maneno yalianza kuja. Niliwaambia aliyoniambia Dada Karimi. Kwamba ndege huyu hayuko popote duniani isipokuwa huku kwetu. Kwamba walikuwa watatu na sasa ni watano, na hawa wakiishi watakuwa wanane. Kwamba miringa na mikuyu ni mizuri, lakini mche wa leo ni mfupi kuliko goti langu, na itachukua miaka mingi kabla haujaweza kumficha ndege yeyote. Katika miaka hiyo watalala wapi? Niliwaambia kwamba nawaheshimu na siwaambii waache kupanda. Tupande kwenye nafasi zilizo wazi kwanza. Kichaka kikatwe kidogo kidogo baadaye, miti ikishakuwa miti.

Nilipomaliza niliachia tawi polepole, likakifunika kiota.

Mzee Ireri hakucheka tena. "Mimi lantana iliniulia ng'ombe," akasema. "Alikuwa na mimba. Unataka tuache sumu hapa kwa ajili ya ndege?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ni kweli, tunamkumbuka yule ng'ombe, watu walimlilia. Nilisimama pale kama darasani, na dirisha la kutazama halikuwepo.

"Pole, guka," nikasema, nikimwita babu kwa heshima. "Sijui niseme nini kuhusu ng'ombe."

Nadhani kusema hivyo kulisaidia kuliko kama ningejifanya najua. Mzee Ireri alishusha pumzi. Baba ndiye aliyeendelea. Alisema upande wa njia, ambako ng'ombe hupita wakienda kunywa maji, lantana itolewe yote hata mizizi. Ule wa ndani, kati ya migomba na mto, ng'ombe hafiki. Huo ubaki. "Na nitaweka ua," akasema. "Ng'ombe wako akivuka ua wangu, Ireri, utanidai mimi."

Wakabishana. Mmoja akasema kichaka huficha nyoka. Mwingine akasema vicheche wanaokula kuku, kisha wakatofautiana kama ni vicheche au ni nguchiro, ikachukua muda. Mama Kariuki aliposikia imetosha akapiga makofi, akauliza nani mwingine mwenye kichaka chenye kelele hizi kwenye shamba lake. Mikono ikapanda, zaidi ya nilivyotarajia. Mzee Ireri alikuwa wa mwisho kunyoosha wake.

"Walikuwa kwangu," akasema. "Kabla sijafyeka."

Basi wakakubaliana kwamba kila mtu ataacha ukanda wa kichaka ukingoni, pale ambapo mifugo haipiti, na miti itapandwa kwenye mapengo. Tulipanda hadi saa ya chai. Miche niliyokuwa nimeimwaga niliipanda mimi, na hakuna hata mmoja uliokuwa umevunjika.

Ningependa kusema kwamba jana nililala kwa furaha. La.

Zogoyogo hawakurudi. Upande wa chini ulikuwa umefyekwa, watu walikuwa wamekanyaga kila mahali, na nilipowaonyesha watu kiota nilikuwa nimewaleta wote hadi mlangoni kwa makinda. Mama, ambaye hufanya kazi mjini na kukaa kwa shangazi mtaa wa Majimbo siku za wiki, alifika jioni akiwa tayari ameisikia habari yote dukani. Alinikumbatia akicheka. "Ati umempigia mume wangu kelele?" Lakini mimi nilikuwa nimetega sikio kuelekea mtoni. Kimya. Cucu alisema, "Leo angalau nitalala," na nikatoka nje nisije nikamjibu vibaya.

Niliwaza: nimewaokoa kwenye panga na kuwaua kwa kuwaonyesha.

Leo kanisani sikusikia mahubiri. Tulipotoka, sikubadilisha nguo. Nilivua viatu nikaelekea chini. Nilipofika kwenye kahawa nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa baba, bado amevaa koti la kanisani.

"Mami, twende wote," akasema.

Tuliketi chini ya migomba, mbali na kiota. Baba hajui kukaa. Alianza kung'oa majani yaliyo karibu yake, nikamshika mkono. Akatulia. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya mlima na upepo ukaanza kubeba harufu ya mvua. Nilitazama kichaka hadi macho yakaniuma. Hakuna. Hakuna. Baba alinong'ona, "Labda wamehamia kwa Ireri," na nilijua anasema hivyo ili nisilie.

Kisha juu kabisa ya kichaka, tawi likainama.

Mwalimu.

Aligeuza kichwa huku na huku, akatutazama kwa lile jicho jekundu. Halafu akapiga kelele, na kutoka kwenye kahawa nyuma yetu wakajibu. Walikuja chini kwa chini, wakirukaruka, wakapita karibu sana na kiatu cha baba. Shati alikuwa na kiwavi. Chokaa alikuwa na kitu chenye miguu mingi. Nyuma yao walikuja wale wawili waliozaliwa mwisho wa mwaka, na hata wao walikuwa wamebeba, mmoja akiangusha chake na kukiokota, akiangusha tena. Waliingia kichakani mmoja baada ya mwingine, na ndani tukasikia makinda, sauti nyembamba, yenye hasira ya njaa.

Wote watatu. Nilijua kwa kusikiliza.

Baba aliuliza, "Hao wadogo nao wanalisha?"

"Ni kaka zao," nikasema. "Au dada."

"Bila kuambiwa?"

"Bila kuambiwa."

Akatikisa kichwa. "Na mimi nyumbani kwangu naita mtu mara ngapi aje alishe ng'ombe."

Nilicheka kwa sauti, nikaziba mdomo, lakini ndege hawakujali. Tukapanda kurudi polepole, na njiani baba aliokota kijiti akaanza kuonyesha ua utapita wapi. Kabla ya kufika nyumbani alikuwa ameshaongeza urefu wake mara mbili. Nilimtumia Dada Karimi ujumbe wa maneno mawili: Wote wapo. Amejibu kwa sauti ambayo sitaifungua hapa jikoni, maana najua ni mayowe.

Ninajiuliza kama yule wa jana alikuwa mimi. Nikifika chuoni na kuambiwa nisimame, atakuja? Au ataniacha na dirisha langu? Sijui. Ninachojua ni kwamba sauti ipo, iko ndani, na jana haikuniomba ruhusa. Na ninajua pia kwamba sitasema "natoka Embu" halafu niketi. Nitasema natoka mahali ambapo kuna ndege asiyepatikana pengine popote, na kwamba nyuma ya migomba yetu wako wanane.

Cucu ameketi ng'ambo ya meko wakati ninaandika haya. Tangu jana watu wamekuwa wakipita kumpa mkono. Masikio yake yamechoka, kelele za ndege humfikia lakini maneno ya watu humpita, kwa hiyo amekuwa akiitikia tu na kutabasamu. Mama Kariuki alimletea mkungu wa ndizi. Mzee Ireri alikuja na maziwa. Sasa hivi amenigusa goti kwa bakora yake.

"Weka hiyo simu," amesema. "Watu wananishukuru tangu jana, na mimi sijatoka hapa. Kwani nilisema nini huko mtoni?"

Nimemweleza yote. Ilibidi nipaze sauti kushinda mvua, hadi mama akachungulia kutoka nyumba kubwa kuona nani anagombana. Nimesimama, nimeweka mikono kiunoni, nimemwonyesha. Nimemwambia kuhusu panga lililosimama hewani, na "ndiyo, mami", na makinda, na ua.

Cucu amewaza kwanza, akisogeza kuni ndani ya moto.

"Na hao ndege wataendelea kuniamsha?"

"Ndiyo, Cucu. Zaidi ya zamani."

Amekubali kwa kichwa, kama mtu aliyesaini jambo.

"Nilisema vizuri," amesema.

Kesho sisi Wawira wawili tutasema lingine.